Tulivyopima Theluji Tukiwa Wete

Nyinyi vijana mkinikuta barazani nimejifunga msuli wangu wa nyumbani mnaniuliza, "Mzee Hamadi, ati kweli kazi yako ilikuwa kupima theluji?" Kisha mnatazamana, mnabana vicheko kwa adabu. Msibane. Mke wangu alianza kucheka kabla hamjazaliwa na mpaka leo hajamaliza.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, na Wete yanitosha. Niliwahi kulala Mtambile, humuhumu kisiwani, arusini kwa shemeji yangu, nikakesha nikisikiliza bata wasiokuwa wangu, na kulipopambazuka nikapanda gari ya mwanzo kurudi. Unguja nimefika, lakini kwa kupelekwa na jino, si kwa hiari. Mtu huyo ndiye aliyekaa miaka akikadiria maji yatakayoshuka kutoka milima ya nchi ambayo jina lake siwezi kulitamka bila ya kujing'ata ulimi. Sijafika huko. Theluji yenyewe sijaigusa. Lakini niulizeni mwezi gani inaanza kulegea upande wa mashariki wa mlima, nitakwambieni.

Nilitoka skuli ya sekondari nikaajiriwa kuchora ramani: mabonde ya mpunga, mitaro, visima. Mkono wangu ulikuwa mzuri, kichwa cha wastani. Walipoanza kupunguza watu ofisini, hawakuhangaika sana kutafuta wa kumpunguza. Nikarudi nyumbani kwa furaha ambayo mke wangu hakuielewa.

Jirani yetu alikuwa Bi Mize, mjane mwenye mikarafuu mingi na maneno mengi zaidi. Binti yake, Bi Raya, alisoma mbali akawa mtaalamu wa mito inayopata maji yake kutokana na theluji. Bi Mize alipopooza upande mmoja, Bi Raya akarudi kumuuguza, na kazi yake akaja nayo kama mwengine ajavyo na cherehani. Alikuja na kompyuta moja yenye kelele za mashine ya kusaga, meza ya kioo yenye taa chini yake, na mabomba ya plastiki yaliyojaa picha za satelaiti. Alivitandaza vyote katika chumba kilichopakana na cha mama yake. Baina ya vyumba viwili palikuwa na pazia tu, kwa hiyo ofisi yetu ilikuwa na mkaguzi asiyelala.

Siku aliyoniita kazini tulizungumza hivi.

"Kaka Hamadi, theluji unaijua?"

"Naijua kwa jina."

"Vizuri. Wanaoijua wananichosha kwa hadithi zao. Mkono wako bado unatulia?"

"Unatulia mpaka mke wangu anasema umelala."

"Muajiri," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "maana akikaa kwao atawatagia mayai."

Nikaajiriwa.

Sasa sikilizeni kilichokuwa mashakani, maana bila ya hicho mtaona tulikuwa tunacheza. Chini ya milima ile kuna bwawa, na chini ya bwawa kuna vijiji. Kila mwaka kabla ya joto kuanza, walinzi wa bwawa huuliza: theluji ya mwaka huu italeta maji mengi au machache? Yakiwa mengi, wafungue milango mapema bwawa lipungue, lipate pa kuyaweka. Yakiwa machache, wayabane, maana ndiyo ya kumwagilia mashamba kiangazi chote. Jibu lilikuwa likitoka kwa Bi Raya. Wakubwa wake wa ng'ambo walikuwa wamemkubalia kwa shingo upande afanye kazi akiwa kwa mama yake. Walimwambia: tujaribu msimu mmoja. Makadirio yakiwa sawa, baki huko. Yakienda kombo, urudi huku au uache kazi. Na Bi Mize hakuwa na mtoto mwengine wa kumgeuza kitandani.

Kwa hiyo ilikuwa lazima nijifunze, na upesi. Nilijifunza kama mwizi anavyojifunza ukuta wenye chupa: kwa kupanda.

Satelaiti haipigi picha kama kamera ya arusini. Hupiga mahali palepale kwa mianga mbalimbali, na mmoja katika hiyo jicho la binadamu haliuoni. Faida yake ni hii. Wingu jeupe, theluji nyeupe. Ukizitazama hivihivi ni pacha. Lakini katika mwanga ule usioonekana, wingu hubaki jeupe na theluji huwa nyeusi kama tako la chungu. Weka picha mbili ubavu kwa ubavu: cheupe huku na cheupe kule, hilo wingu, liache lipite. Cheupe huku na cheusi kule, hiyo theluji, ichore.

Bi Raya alinielekeza niifundishe kompyuta kanuni hiyo, akanipa picha ya Pemba nifanyie mazoezi. Nikabonyeza. Mashine ikasaga, ikasaga, ikatoa ramani: theluji yote kwa buluu. Na kisiwa cha Fundo, hapo mbele yetu, kimezungukwa na theluji pande zote.

Nikatoka nje nikatazama upande wa bahari. Joto la kukaanga samaki bila ya mafuta.

"Maji," Bi Raya alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Maji nayo ni meusi katika mwanga ule. Na maji machache juu ya mchanga mweupe yanang'aa katika mwanga wetu. Kompyuta inafuata ulichoiambia. Hukuiambia kuwa bahari si nchi kavu."

Kosa langu la pili lilikuwa kumhadithia mke wangu. Kesho yake asubuhi muuza samaki wetu, Mzee Faki, mtu wa Fundo khasa, alikuja kupiga hodi na tenga lake kichwani.

"Asalaam alaikum. Nasikia kwetu kumeanguka theluji, na watu wa Wete mnajua, mmenyamaza."

"Mzee Faki, ile ni…"

"Mimi sina ugomvi. Nionyeshe ilipo tu, nikachote nitie samaki kabla hawajaoza."

"Chota upande wa kusini, Faki," akasema Bi Mize nyuma ya pazia. "Wa kaskazini Hamadi keshauyeyusha."

Mpaka leo mimi Fundo siendi, na mnajua hata bila ya theluji hiyo nisingekwenda. Lakini faida niliyoipata ni kubwa, nakupeni bure: kanuni yoyote mpya, ijaribu kwanza mahali unapopajua. Ukiijaribu kwenye mlima wa watu, itakudanganya na wewe utaitikia.

Jambo jengine lililonitesa ni uvivu wa theluji. Mimi nilidhani jua likitoka, theluji inayeyuka, maji yanashuka, kwisha. Bi Raya akasema hapana, theluji kwanza hunywa. Sikumfahamu. Akaniambia, "Lete kifumbu."

Kifumbu chenyewe kilikuwa cha Bi Mize, cha kuchujia nazi. Bi Raya akakwangua ule ukungu mweupe uliogandia ndani ya friji, akajaza kifumbu, akakitundika juu ya bakuli karibu na dirisha. Tukakaa. Nikatoa macho. Ule weupe ukalegea, ukapoteza ung'aro, ukawa mzito, na bakuli bado kavu.

"Unaona? Inayeyuka, lakini maji yake inayashikilia yenyewe. Mpaka ishibe."

Mara tone. Tone jengine. Kisha ikaachia kama mtoto aliyezuiwa kulia mbele ya wageni.

"Na mito ndivyo inavyofanya," akasema. "Ukihesabu tangu siku ya jua la mwanzo, utawaambia watu maji yamekuja na mto ungali umelala."

"Na kifumbu changu," Bi Mize akasema, "kitakuja lini?"

Kwa hiyo hesabu yetu ilikwenda hivi. Mlima tuliugawa mikanda, kutoka chini mpaka juu, kwa sababu kila unapopanda baridi inazidi. Kila mkanda mimi nilichora theluji yake kwa penseli juu ya karatasi nyembamba inayoonyesha picha iliyo chini yake, nikapima ukubwa kwa kidude chenye mkono mrefu unachokizungusha mpakani. Bi Raya akachukua joto la kila siku kutoka kule, na kila digrii ya joto iliyozidi kiwango cha maji kuganda ikayeyusha kipande chake. Akaondoa kilichonywewa. Kinachobaki ndicho kinachoingia mtoni. Nyinyi leo mnabonyeza mara moja kompyuta inachora mikanda yote kabla chai haijapoa, na mimi siwaonei wivu, nakuhurumieni. Penseli ilikuwa polepole, na polepole ile ilinipa muda wa kukosea jambo moja moja. Nyinyi mnaweza kukosea yote kwa pamoja.

Msimu wa majaribio ulipofika, Bi Mize alizidiwa. Homa, kifua, chakula hataki. Bi Raya akawa anakwenda chumba hiki na kile, kijiko mkono mmoja na kikokotoo mkono wa pili. Akaniachia uchoraji wote. Nikachora kwa moyo, nikapima, nikampa jumla za mikanda. Akazitia katika hesabu, jibu likatoka: maji machache mwaka huu, bwawa libanwe. Akasema, "Machache kweli. Lakini wenzangu waliniambia baridi ya mwaka huu haikuwa na theluji nyingi." Akaandika, akajifunga buibui, akenda posta kupeleka kwa faksi.

Mimi nikabaki na mgonjwa. Homa ilikuwa imeshuka siku hiyo, na ulimi umerudi kazini.

"Hamadi."

"Labeka, Bi mkubwa."

"Njoo n'onyeshe ulichochora weye, nipate usingizi."

Nikainua karatasi. "Huku juu kabisa kweupe, ndiyo theluji. Huku chini mabonde, kavu. Hapa katikati, huu mweusi wote ni msitu."

"Na msituni theluji hamna?"

"Hamna. Chini ya miti pasafi."

Akaikazia karatasi macho. "Kapafagia nani?"

"Vipi?"

"Nakuuliza weye. Chini ya mikarafuu yangu pasafi kwa sababu mie huita watu wakafyeka na kufagia kabla ya kuchuma, karafuu ikidondoka ionekane. Na hao wa huko wanachuma nini, hata wakaenda milimani na mafagio?"

Vijana, nyinyi mmezaliwa humuhumu, mnajua. Msimu ukikaribia, chini ya mkarafuu hufyekwa na kufagiwa mpaka ukidondosha sindano utaiokota. Nimekulia hapo. Jicho langu likiona miti imesimama pamoja, moyo unaapa kuwa chini yake pameshafagiwa. Nilipouzungusha mpaka wa theluji, msitu mzima nikautoa nje, wala sikumwambia Bi Raya, maana sikuona kama ni jambo la kusema. Nani humwambia mwenzake kuwa chini ya mikarafuu hamna majani? Na satelaiti inatazama kutoka juu. Inaona vichwa vya miti tu, vyeusi. Kilichokaa chini ya miti haikioni, na mimi nilikuwa nimekiondoa kwa fagio la Pemba.

Nikatoka mbio. Nasema mbio kwa kujisifu. Watoto wa mtaa walinipita wakitembea. Nilimkuta Bi Raya njiani anarudi, uso umetulia.

"Bi Raya! Imekwenda?"

"Imekwenda. Vizuri ajabu, leo laini haikukatika hata mara moja."

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alisimama, akauliza, "Msitu wote?"

"Wote."

"Mikanda yote?"

"Nilifagia mlima mzima, dada yangu."

Tukarudi nyumbani. Alipofika akakaa kizingitini pa chumba cha mama yake, na buibui lake hajalivua, akanieleza kwa sauti ya chini. Theluji ya kivulini haiyeyuki na wenzake. Inangoja. Ya mahali pa wazi itashuka kwanza, bwawa litajaa, walinzi watayabana kama tulivyowaambia. Kisha msitu utaachia wake, na bwawa halina nafasi hata ya ndoo. Chini ya bwawa watu wamelala.

"Basi peleka nyengine," nikasema. "Waambie nimekosea."

"Nikipeleka, watasema: asubuhi maji machache, alasiri maji mengi, huyu mgonjwa wake kamchosha, arudi. Ndicho wanachokingoja. Na hesabu ya pili tutaipigaje, Kaka Hamadi, na theluji yenyewe hatuioni? Nikiwatisha wakamwaga maji na mafuriko yasije, mashamba yatakauka kiangazi, na nitarudi vilevile."

Kitanda kililia. Bi Mize alikuwa anajaribu kujigeuza atutazame, na upande wake haumtii.

"Raya. Hao walio chini ya bwawa wana mama zao?"

"Wanao, mama."

"Basi unangoja nini? Mie nimeshakuwa mzee, nikibaki peke yangu Hamadi atanipikia uji mbaya, nitakufa kwa uji, watu watahadithia. Hao wa huko waache wafe kwa mambo yao wenyewe, si kwa makosa yetu."

Bi Raya akavua buibui.

Sasa, mnafanyaje kupima msichokiona? Hili ndilo nililotaka mulichukue. Msitu haukuziba kote. Una matundu: mti ulioanguka, jabali, njia ya kijito. Bi Raya akasema, "Tazama katika matundu. Palipo peupe tunduni, na chini ya miti ya jirani pana theluji." Tukawasha meza ya kioo, na umeme, kama uliokuwa ukitusikiliza, ukakatika. Nikaibandika picha juu ya kioo cha dirisha, jua likawa ndiyo taa yetu, na mimi na lenzi nikaanza kuwinda madoa meupe madogo kama chawa wa kuku. Mkanda mmoja una, wa pili una, wa chini kabisa hauna. Dirishani kwa nje wamesimama watoto wananitazama jicho langu moja kubwa, na Bi Mize anawaambia, "Msimcheke, amepoteza theluji ya watu."

Kompyuta imekufa na umeme wake, kwa hiyo jumla tulizipiga kwa mkono, mimi nasoma, Bi Raya anaandika, tukazirudia kwa kubadilishana. Ya msituni tukaiyeyusha polepole kuliko ya wazi. Jibu likatoka: maji mengi, na nusu yake yatakuja yamechelewa. Posta wana jenereta yao, lakini walikuwa wanashusha mlango tulipofika. Bi Raya aliingiza mkono kwanza, kisha salamu.

Asubuhi yake likaja jibu, mstari mmoja: ipi ya kweli?

Akaandika mbele yangu: "Ya pili. Ya kwanza tuliukosa msitu." Nikamwambia aandike jina langu, ni haki yao kujua. Akasema, "Kuna nini cha kuandika? Kazi ni yetu." Akaipeleka hivyohivyo.

Baada ya hapo ilibaki kungoja. Kungoja ni kazi ninayoiweza, lakini safari ile ilinishinda. Nilikuwa nikiamka naota matundu. Mke wangu akaniuliza kwa nini nafagia ua mara mbili, nikamwambia sifagii, natazama kama pana kitu chini.

Na Bi Mize akaanza mambo ya ajabu. Akawa anataka akalishwe kitako. Kisha anataka kijiko ashike mwenyewe, uji unamwagikia kifuani, na ukimsaidia anakung'ata kwa maneno. Akawa anajinyoosha vidole asubuhi mpaka jasho linamtoka. Bi Raya akiuliza, anasema, "Nimepata nafuu, hamuoni? Mtu nikipona mnanuna?" Tukamshukuru Mungu, tukasema dawa imekubali.

Faksi ilifika siku ya mvua. Bi Raya aliisoma amesimama mlangoni, na mimi nikiutazama uso wake kama ninavyotazama picha, natafuta doa jeupe. Theluji ya wazi ilishuka kwanza. Walinzi wakatamani kuyabana maji, kisha wakaifuata hesabu ya pili, wakafungua milango. Msitu ukaachia baadaye, pungufu kidogo ya tulivyosema, na bwawa likaupokea. Vijijini watu waliamka mahali walipolala. Mstari wa chini ukasema Bi Raya abaki alipo, na mchoraji wake aletwe huko safari moja aione theluji kwa macho.

"Waambie nashukuru," nikasema, "na waambie nina bata."

"Huna bata."

"Nitanunua."

Bi Raya akaingia kwa mama yake, akapiga magoti kando ya kitanda, akamsomea yote kwa Kiswahili, taratibu. Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekaa, mto nyuma ya mgongo, kijiko mkononi, amejikaza kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Karatasi ilipokwisha, kijiko akakiweka.

"Kwa hivyo huendi?"

"Siendi, mama."

"Hata mwakani?"

"Hata mwakani."

"Alhamdulillahi," akasema, na mgongo wake wote ukalegea juu ya mto. "Basi nilazeni. Nilikuwa nimejilazimisha kupona, ukiondoka usiondoke na roho nzito. Kumenichosha kupona. Sasa niacheni niumwe kwa nafasi yangu."

Bi Raya alicheka, kisha akawa hacheki, paji la uso amelilaza juu ya mkono wa mama yake, ule usiosikia kitu. Na Bi Mize kwa mkono mzima akawa anamfunga vizuri mtandio wake, kama mtoto anayepelekwa chuoni kusoma msahafu.

Mimi nikainuka nikasema nakwenda nje kutazama kama umeme umerudi. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.